Kukataa Vita kwa Miguu

Basi la kutoka Mwanza likishaiacha Bunda, kondakta huanza kuuliza nani anashuka Makutano. Hapo njia zinaachana: mbele ni Musoma na ziwa, kulia ni Butiama. Vijana wa bodaboda hulizunguka basi hata kabla halijasimama, abiria akachaguliwa kabla hajachagua, mzigo ukafungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Hakuna anayefikiria kutembea.

Oktoba 1967 mtu mmoja alitokea upande wa pili wa njia hiyo na hakupanda chochote. Rais Julius Nyerere aliondoka kijijini kwake Butiama akaenda Mwanza kwa miguu, zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano mkuu wa chama cha TANU na kuonyesha kwamba Azimio la Arusha, lililokuwa na umri wa miezi minane tu, lilikuwa jambo la kutolea jasho. Mapema mwaka huohuo vijana wa pembe mbalimbali za nchi walikuwa wametembea kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, alitoka Arusha kuelekea Dar es Salaam na akafia njiani.

Matembezi hayo hayakuwa ya kupinga vita. Lakini yanaeleza jambo ambalo watu wa mkoa wa Mara wanalielewa bila kufundishwa: mtu anayetembea umbali usio wa lazima anasema kitu, na wanaomwona akipita hulazimika kuuliza ni kitu gani. Kiswahili kina neno lake, kuandamana, kufuatana mmoja nyuma ya mwingine, na ni neno pole kabisa, ndugu wa mwezi kuandama. Siku hizi ukilitamka kwenye kibanda cha chai, mtu wa kwanza kugeuka hutazama kama kuna gari la polisi.

Basi tuulize: watu wa kawaida, wasio na jeshi wala redio, wamewahi kuikataa vita kwa njia gani, na ilifaa nini? Swali hili lina ladha yake likiulizwa Mara kuliko kwingine, kwa sababu Mara ni mkoa wenye sifa ya jeshi. Watani wa mikoa mingine hawaachi kuwakumbusha. Waingereza waliandikisha askari wengi huku kwa ajili ya kikosi chao cha KAR, na vijana wa kando ya Ziwa Victoria wakajikuta wanapigana katika nchi ambazo hata mzungu aliyewaandikisha hakuwaeleza ziko wapi. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, alijiunga mwaka 1942. Miaka 36 baadaye, Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Musuguri huyohuyo aliongoza Divisheni ya 20 iliyosonga hadi Kampala, na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi.

Kwa hiyo Butiama moja ilitoa Amiri Jeshi Mkuu aliyetangaza vita na jenerali aliyeipigana. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanuka ndani ya miezi michache hadi kupita 100,000, mgambo wakiwemo, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Mtu akija huko na habari za kukataa vita, atatazamwa kwanza toka utosini hadi kwenye kandambili.

Hata hivyo habari hizo zipo, na ni za zamani kuliko jeshi.

Mwishoni mwa karne ya 19 ukanda huu wa kusini mwa Mto Mara ulikuwa na kila sababu ya watu kumalizana. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe, njaa ikafuata, uvamizi wa Wamasai ukatawanya vijiji, na makundi madogomadogo ya Wazanaki, Waikizu, Wanata, Wangoreme na wengine yakabaki yanagombea mabonde yaleyale. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Mara kwa miaka mingi, alijiuliza kwa nini eneo lenye makabila mengi kiasi hicho halikugeuka uwanja wa vita vya kikabila. Katika kitabu chake cha mwaka 2019 jibu lake linawaelekea wanawake. Wanaume walipoulizwa historia, walisimulia ukoo na mipaka. Wanawake walisimulia nani ameolewa wapi, nani alimlisha nani mwaka wa njaa, nani ana deni la ng'ombe kwa nani.

Hayo yanaonekana kama maneno ya jikoni, lakini hebu yapime. Mwanamke wa Kizanaki aliyeolewa Ikizu ana kaka zake huku na wanawe kule. Kijana anayehimizwa akachome nyumba ng'ambo ya kijito anahimizwa kumchomea mjomba wake, tena mjomba anayemtegemea kwa mahari. Hakuna hotuba ya amani inayofikia uzito wa ng'ombe ambao bado hawajatolewa.

Waikizu, ambao nchi yao iko wilayani Bunda, wana kisa chao cha asili kinachofanana na somo hilo. Husimuliwa kwamba Isamongo, mwindaji, alikuwa na moto. Nyakinywa, mwanamke aliyekuja kutoka Kanadi, upande wa Wasukuma, alikuwa na mvua. Walipokutana walishindana kwa nguvu walizokuwa nazo, mvua ikauzima moto. Pengine ungetarajia kisa kiishie kwa aliyeshinda kumfukuza aliyeshindwa. Hakiishii hapo: wawili hao wanapatana, wanaoana, na mwanamke anakuwa mtemi. Wasimuliaji wanatofautiana katika mengi, lakini ndoa hiyo imo.

Sehemu ya pili ya habari hii iko Musoma, na ilikuja kwa meli.

Mwaka 1934 wamisionari Wamennonite kutoka Marekani walifungua kituo Shirati, karibu na mpaka wa Kenya. Ndani ya miaka michache wakawa na vituo vingine: Bukiroba nje kidogo ya Musoma, Mugango kando ya ziwa, Bumangi katika nchi ya Wazanaki, Nyabasi kwa Wakurya. Kanisa la Mennonite Tanzania hadi leo ni jina la kawaida huku kuliko popote nchini. Waulize Wadaresalaam wengi Mennonite ni nini, watakisia kampuni ya dawa. Lilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, mwaka 1967, mwaka uleule wa matembezi ya Mwalimu Nyerere.

Kinachowafanya watu hawa waingie katika makala hii ni kwamba kanisa lao lilizaliwa likiwa limekataa upanga. Lilianzia Zurich, Uswisi, Januari 1525, pale kikundi kidogo cha waumini kilipobatizana upya wakiwa watu wazima, jambo ambalo baada ya muda mfupi lilifanywa kosa la kifo. Mmoja wa viongozi wao, Felix Manz, alifungwa kamba na kuzamishwa katika mto wa mji huo mwaka 1527. Jina la Mennonite lenyewe lilitokana na Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyejiunga nao baadaye na kuwakusanya wale waliotaka kuishi bila silaha.

Kisa wanachopenda kuwasimulia watoto wao ni cha Dirk Willems, Mholanzi aliyekamatwa kwa imani hiyo. Mwaka 1569 alitoroka gerezani akakimbia juu ya bwawa lililoganda kwa baridi. Mtu wa Mugango anayelijua ziwa kama uso wa mama yake atahitaji kuelezwa hapo kidogo: maji yalikuwa yamekuwa barafu kiasi cha kubeba mtu, lakini si kila mtu. Willems alikuwa amekonda kwa chakula cha gerezani, akavuka. Mlinzi aliyekuwa akimfukuza alikuwa ameshiba, barafu ikapasuka, akadidimia. Willems akageuka, akarudi, akamvuta mlinzi hadi ukingoni. Alikamatwa palepale, na Mei mwaka huo akachomwa moto akiwa hai.

Msomaji anaweza kusema huo ni ujinga mtakatifu, na hatakuwa wa kwanza. Lakini mawazo ya namna hiyo yalizaa mambo ya vitendo. Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani, vijana wapatao 12,000 waliokataa kupigana kwa ajili ya dhamiri zao, Wamennonite wakiwa kundi kubwa kati yao, walipewa kazi za kiraia bila mshahara. Walipanda miti, walizima moto wa misitu, walihudumu katika hospitali za wagonjwa wa akili na kuufichua uchafu na ukatili walioukuta humo. Wengine 36 walijitolea kufanyiwa jaribio katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kati ya 1944 na 1945: walishindishwa njaa kwa miezi ili madaktari wajifunze jinsi ya kuwarudisha katika hali ya kawaida mamilioni ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa ya vita huko Ulaya na Asia. Picha zao zipo, mbavu zinahesabika. Mtu aliyeitwa mwoga kwa kukataa bunduki alikuwa amekubali kukonda hadi mifupa kwa ajili ya watu asiowajua.

Vita vya Vietnam vilipowadia, sheria ya Marekani iliwaruhusu waliokataa jeshi kwa dhamiri kutoa miaka miwili ya utumishi wa kiraia. Shirika la misaada la Wamennonite, MCC, lilikuwa limeanza mwaka 1962 kupeleka walimu Afrika, na Afrika Mashariki, iliyokuwa ndiyo kwanza ina uhuru na haina walimu wa kutosha wa sekondari, ilipata sehemu yake. Mwanafunzi wa miaka ile aliyefundishwa hesabu na kijana wa Pennsylvania mwenye Kiswahili cha kuvunjikavunjika hakuwa na sababu ya kujua kwamba chaki ile ilikuwa imeshika nafasi ya bunduki.

Huo ni upinzani usio na bango. Hauonekani barabarani, na ndiyo maana husahaulika upesi.

Upinzani wa barabarani nao ulikaribia sana kufanyika Tanganyika, na wachache wanaukumbuka. Mizizi yake iko mbali: mwaka 1959 Ufaransa ilitangaza kwamba italipua bomu lake la kwanza la nyuklia katika jangwa la Sahara, huko Reggane, Algeria. Kundi la watu wapatao 20, Waghana, Waingereza, Wamarekani na Wafaransa, likiongozwa na mchungaji Michael Scott, liliondoka Accra kwa magari likikusudia kwenda kukaa penye bomu. Askari wa Kifaransa waliwazuia walipovuka mpaka wa Upper Volta, leo Burkina Faso. Wakarudishwa, wakajaribu tena, wakarudishwa tena. Bomu lililipuka Februari 13, 1960. Kwa hesabu ya kawaida walishindwa, isipokuwa kwamba Afrika nzima sasa ilikuwa inajua upepo wa Sahara unavuma kuelekea wapi.

Baadhi ya watu walewale walikwenda Dar es Salaam mwaka 1962. Bill Sutherland, Mmarekani mweusi aliyewahi kufungwa kwao kwa kukataa kupigana Vita Kuu ya Pili, na Bayard Rustin, ambaye mwaka uliofuata angeratibu maandamano makubwa ya Washington ya Martin Luther King, pamoja na Scott na Wahindi wafuasi wa Gandhi, walifungua kituo cha mafunzo kwa jina la Brigedi ya Amani ya Dunia. Mpango ulikuwa huu: Waingereza na serikali ya walowezi ya Roy Welensky wakiendelea kumkwamisha Kenneth Kaunda katika Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, maelfu ya watu wasio na silaha watavuka mpaka kwa miguu kutoka Tanganyika, huku wafanyakazi ndani wakigoma. TANU iliunga mkono. Maandalizi yakafika Mbeya.

Hawakuvuka. Waingereza walilegeza katiba, Kaunda akaona uchaguzi wa Oktoba 1962 unatosha, akaingia katika uchaguzi, na miaka miwili baadaye Zambia ikawa huru. Wanaopenda mambo yaishie kwa kishindo huona hapo hakuna hadithi. Lakini matembezi yaliyotishiwa yalikuwa mezani wakati wa mazungumzo, kama rungu lililoegeshwa mlangoni, ingawa lilikuwa rungu la miguu. Sutherland alibaki Dar es Salaam miongo kadhaa, na Watanzania wengi waliomfahamu walimfahamu kama mzee mpole mwenye marafiki katika kila chama cha ukombozi, na waliokuwa na bunduki wakiwemo.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na Mwalimu mwenyewe aliuishi. Mwaka 1963 Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyosaidia majeshi ya Msumbiji, Angola na kwingineko. Mwaka 1978 akatangaza vita dhidi ya nduli Idi Amin. Mei 1984 huyohuyo akaungana na Indira Gandhi, Olof Palme na viongozi wa Ajentina, Meksiko na Ugiriki kuyataka mataifa makubwa yasimamishe silaha za nyuklia. Na mwaka 1996, akiwa mstaafu, alianza kuwakalisha Warundi meza moja mjini Mwanza, kazi aliyokufa hajaimaliza. Hakuwa mtu wa kukataa vita katika hali zote, na waandamanaji hawakumfurahisha siku zote: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipokwenda Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Siku hiyohiyo alikata mshahara wake kwa asilimia 20. Anayetaka kumtumia Mwalimu kama mtakatifu wa upande mmoja atamkuta amekaa pande zote mbili za meza.

Majirani nao wamebuni mengi. Wajir, kaskazini mwa Kenya, koo za Kisomali ziliuana kuanzia 1991 hadi 1993. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza kuzungumza wakiwa harusini, na hatua yao ya kwanza ilikuwa sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote atauza na kununua kwa mwanamke wa ukoo wowote, na wakaweka watu wa kuangalia kama inafuatwa. Maziwa na sukari vilianza kuvuka mstari ambao risasi zilikuwa zimeuchora. Kisha wakawafuata wazee, wazee wakafuata vijana, na Septemba 1993 likatiwa saini tamko la kusimamisha mapigano. Mtu anayelijua soko la samaki la Musoma alfajiri, dagaa wakimwagwa na kelele za bei zikipanda, anaweza kuona kwa nini walianzia pale. Sokoni hakuna anayeweza kumchukia mteja wake kwa siku nyingi.

Gulu, Uganda, walitumia usingizi. Kila jioni maelfu ya watoto waliacha vijiji vyao wakatembea hadi mjini kulala vibarazani, kwa kuogopa kutekwa na waasi wa LRA. Juni 2003 viongozi wa dini, Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Wakatoliki, Askofu mstaafu Macleod Baker Ochola wa Waanglikana na Sheikh Musa Khalil, walitembea pamoja na watoto hao na kulala nao kwenye kituo cha mabasi usiku nne mfululizo. Hawakutoa tamko kali. Walilala. Lakini askofu mkuu anayelala chini kwenye stendi ni habari ambayo mhariri wa gazeti hawezi kuiweka ukurasa wa ndani. Novemba mwaka huo ofisa wa Umoja wa Mataifa, Jan Egeland, alifika akaieleza dunia kwamba ilikuwa imelisahau janga kubwa. Vita haikuisha siku hiyo. Mapatano ya kusimamisha mapigano yalikuja Agosti 2006. Anayetafuta njia ya mkato hataipata Gulu.

Kibera, Nairobi, Januari 2008, wakati ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100 zikiendelea, mchoraji Solomon Muyundo, anayejiita Solo 7, alizunguka na ndoo ya rangi akiandika ukutani na kwenye vibanda kwamba amani inatafutwa, tena ikiwa hai, kwa mtindo wa matangazo ya polisi ya kumsaka mhalifu. Mstari wa rangi hauzuii moto, lakini hata mchoma nyumba hujua kusoma, na kibanda kilichoandikwa kilionekana kina mwenyewe. Huko Pokot na Karamoja mwanariadha Tegla Loroupe aliwaalika wezi wa mifugo wakimbie mashindano badala ya kukimbizana na ng'ombe. Taasisi yake ilianza 2003. Wazo hilo lingeeleweka mara moja Tarime, ambako koo za Wakurya zimepigana kwa miaka mingi juu ya mifugo na ardhi, na ambako wazee wa inchama na baraza la iritongo bado ndio watu wa kwanza kuulizwa damu ikimwagika.

Na Musoma, Bunda na Butiama leo? Anayetaka kuandamana anabanwa na sheria ya Jeshi la Polisi inayomtaka atoe taarifa saa 48 kabla, na kati ya kutoa taarifa na kuruhusiwa kuna umbali unaoweza kuwa mrefu kuliko ule wa Butiama hadi Mwanza. Kwa sababu hiyo watu hupitia milango mingine. Kwaya huimba kuhusu Kongo na Burundi katika ibada ambayo hakuna anayeiita maandamano. Timu za vijiji vilivyogombana hupangiwa mechi, na zawadi ikiwa ni mbuzi, basi mbuzi huliwa na timu zote mbili. Tangu 2019 kuna msafara wa baiskeli unaotoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu, wapandaji wakifika wamepauka kwa vumbi na makalio yamekufa ganzi. Hauna jina la upinzani, lakini ni jamaa wa yale matembezi ya 1967.

Kongo hasa haiko mbali. Watanzania wamekuwemo katika vikosi vya Umoja wa Mataifa huko mashariki tangu 2013, na Desemba 2017 shambulio moja karibu na mto Semuliki liliua wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 kwa usiku mmoja. Katika nchi hiyohiyo, mjini Goma, vijana wa LUCHA, kundi lililoanza 2012, walikuwa wamechagua kukaa chini barabarani, kuzoa takataka, kudai maji ya bomba na kuikataa vita na serikali mbovu kwa pumzi moja. Walikamatwa mara nyingi. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kwa mzazi wa Bunda mwenye mtoto kambini, mijadala ya kama kuzoa takataka kunasimamisha vita si ya kitaaluma.

Mwaka 2009, miaka 30 tangu Kampala ianguke, mgeni alifika Butiama. Jaffar Amin, aliyekuwa mtoto wakati baba yake alipoivamia Kagera, alikuja kukutana na Madaraka Nyerere, mwana wa mtu aliyempindua baba huyo. Hakukuwa na mkataba wa kutia saini, wala mmoja wao hakuwa na mamlaka ya kuwasamehe watu waliouawa Kagera au Uganda kwa niaba yao. Watoto wawili wa vita ileile walikaa pamoja katika kijiji kile, walipozikwa wazee wa upande mmoja, na vyombo vya habari vikachukua picha.

Jenerali Musuguri alikuwa hai wakati huo, mstaafu palepale Butiama. Aliishi miaka mingine 15, hadi Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, na akazikwa kwa heshima za kijeshi kijijini alikotoka mwaka 1942 kwenda kupigana vita ya watu wengine.